Mwajuma, kadi kwanza

Korogwe, Jumapili usiku

Marahaba mwanangu.

Picha za magari yote mawili, ile X-Trail na ile IST, nimezipata, nimezitazama mpaka simu ikaisha chaji. Nimefurahi, sikufichi. Mtoto wa kike kununua gari kwa mshahara wake wa unesi, katika ukoo huu wewe ndiye wa kwanza, na habari imeshafika mpaka kwa mashangazi zako wa Mombo. Lakini umeniambia kadi ya umiliki ya ile X-Trail "iko kwa mjomba wake muuzaji". Kwa mjomba inafanya nini?

Nimemuuliza fundi Saidi hapa jirani. Anasema X-Trail imeinuka, kwa njia za Kondoa itakufaa, ila injini yake ni cc 2000 na mafuta utayaona. IST ni 1300 au 1500, na spea zake zimejaa hadi huku kwetu. Wewe unang'ang'ania kwamba X-Trail imepungua milioni mbili. Hizo milioni mbili ndizo zinazoninyima usingizi. Mwenye kadi yake mkononi hapunguzi hivyo. Pengine kadi imewekwa rehani kwa mkopeshaji, na siku akija kudai, gari atalikuta kwako.

Na hiyo IST nayo usiichukue kwa kung'aa rangi. Umesema mita inasoma kilomita 68,000. Tazama picha yako ya tatu: raba ya pedeli ya breki imelika upande wa kulia mpaka chuma kinaonekana. Hiyo mita imerudishwa. Usilikatae gari kwa hilo, shusha nalo bei. Nenda asubuhi, waambie wasiiwashe kabla hujafika, uisikie injini ikiwa ya baridi. Fungua boneti, namba ya chasisi imegongwa kwenye bati nyuma ya injini. Isome herufi kwa herufi huku umeshika kadi yenyewe, si kopi. Saidi anasema ya IST huanza na NCP60 kwa injini ya 1300, NCP61 kwa ya 1500. Jina la kwenye kadi liwe la huyo anayepokea hela. Muandikishane kwa wakili, na TRA ukabadilishe jina wiki hiyohiyo.

Ulisema woga wangu ni wa ile Hiace. Ya Hiace unayajua, sirudii. Ila usiseme tena kwamba baba yako alikuwa mzembe. Yeye alitaka kusubiri kadi. Zile noti nilizihesabu mimi kitandani, nikazifunga kwenye pindo la kanga, nikamwambia aende leo leo kabla mwingine hajaliwahi. Mpaka tunamzika hakuwahi kunitaja mbele yenu.

Haraka yako najua ulikoitoa. Jana ulinikatia simu sijamaliza kusema.

Nimempa konda kifurushi: machungwa ya Muheza, nazi sita na unga wa muhogo. Nazi moja ina ufa, ianze hiyo. Bati la jikoni linavuja tena lakini mwezi huu usitume hela, nimekinga ndoo. Idi viatu vya shule vimembana, nitamshonea vya zamani vya kaka yako.

Ukiishika kadi, ipige picha unitumie kabla hujatoa hata shilingi. Hata iwe usiku wa manane, simu naiweka chini ya mto.

Mama yako