Barua kwa Mama Tariq: kutazama video kwenye simu bila matangazo

Dar es Salaam

Shoga yangu Mama Tariq,

Salamu nyingi kwako, kwa Baba Tariq na kwa watoto. Sisi huku wazima. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho, na kwa kuwa uliyouliza kuhusu matangazo ya YouTube ni mengi, nimeona niyaandike ili uyasome kwa nafasi yako huku simu iko mkononi.

Kwanza hilo faili la apk, yaani la kusakinishia programu kwenye Android, ulilotumiwa kwenye kundi la WhatsApp, linaloitwa eti YouTube bila matangazo. Lifute, usilifungue hata kwa kujaribu. Zamani kulikuwa na programu iliyosifika kwa kazi hiyo, Vanced, lakini waliokuwa wakiitengeneza waliacha Machi 2022 baada ya kubanwa kisheria na Google. Tangu hapo yeyote anaweza kulibandika jina hilo kwenye faili lake. Faili la namna hiyo likikutaka uingie kwa akaunti yako ya Google, umelikabidhi barua pepe, picha na majina yote uliyohifadhi. Likiomba na ruhusa ya kusoma SMS, linaziona mpaka namba za uthibitisho zinazotumwa na benki. Heri tangazo la sekunde 15, shoga.

Sasa hiyo DNS uliyowekewa dukani. Unashangaa kwamba matangazo ya kwenye tovuti za habari na michezo ya Tariq yamepungua, ila YouTube iko vilevile. DNS kazi yake ni kuiambia simu jina fulani la tovuti liko kwenye anwani ipi. DNS ya kuzuia matangazo, kama dns.adguard-dns.com, inakataa kutoa anwani za kampuni za matangazo, basi tangazo halipati njia ya kufika. Lakini tangazo la YouTube na video yenyewe hutoka kwenye seva zilezile za Google, zenye majina yanayoishia na googlevideo.com. Ukilifunga jina hilo, umeifunga na video. Ndiyo maana hakuna DNS itakayokusafishia YouTube, hata ukiambiwa ni ya kulipia. Usiiondoe lakini, inasaidia kwingine. Ila siku ukiwa hotelini au hospitalini kwenye Wi-Fi ambayo lazima uingie kwa ukurasa wao kwanza, inaweza kugoma kabisa. Hapo nenda kwenye Mipangilio, sehemu ya mtandao, gusa DNS ya faragha, weka otomatiki, ingia, kisha irudishe.

Kinachofanya kazi ni kuchuja ndani ya ukurasa wenyewe unaocheza video. Programu ya YouTube haimruhusu mtu kuingiza mkono humo, lakini kivinjari kinaruhusu, alimradi kiwe kinakubali viendelezi, yaani programu ndogo za kuongezwa ndani yake. Chrome ya simu haikubali. Firefox ya Android inakubali, na simu yako yenye Android 11 inaiweza vizuri.

Ipakue Firefox kutoka Play Store. Ifungue, gusa vidoti vitatu, chagua Extensions, utaona orodha ya vilivyopendekezwa. Tafuta uBlock Origin, ndicho cha kuzuia matangazo, jina kamili hivyohivyo, maana kuna vingine vya majina ya kufanana. Gusa alama ya kujumlisha, kubali ruhusa. Sasa andika m.youtube.com na ufungue video yoyote. Hakuna cha kurekebisha zaidi, kinakuja kikiwa tayari. Ukishaona kinafanya kazi, gusa tena vidoti vitatu na uuweke ukurasa huo kwenye skrini ya mwanzo, upate kialama cha kugusa moja kwa moja kama programu nyingine.

Wengi wanakwama hapa: wameweka kila kitu sawasawa, halafu mtu anawatumia kiungo cha video WhatsApp, wanakigusa, matangazo yaleyale. Kiungo kimefunguka kwenye programu ya YouTube, siyo Firefox. Shikilia kialama cha YouTube, ingia kwenye maelezo ya programu, tafuta sehemu ya kufungua viungo na uizime. Kisha kwenye Mipangilio, sehemu ya programu chaguomsingi, weka Firefox iwe kivinjari chako, la sivyo kiungo kitakimbilia Chrome. Na ndani ya Firefox yenyewe, kwenye mipangilio yake kuna Open links in apps, iweke Never. Vyote vitatu, ukiacha kimoja tu kazi imeharibika.

Baada ya muda kutatokea siku tangazo linapenya, au video inakaa na kioo cheusi sekunde kadhaa kabla ya kuanza, au unapata onyo kwamba vizuizi vya matangazo haviruhusiwi. Simu haijaharibika. YouTube imebadilisha kitu, na orodha za uBlock Origin za vitu vya kuzuia hazijalifikia badiliko hilo. Fungua Extensions, gusa uBlock Origin, kisha alama ya gia. Nenda Filter lists, gusa Purge all caches, halafu Update now. Funga ukurasa wa video, ufungue upya. Mara nyingi inatosha. Isipotosha, angalia kama hujaweka kizuizi cha pili. Viwili kwa pamoja vinagongana, na huenda hicho cha pili ndicho YouTube inachokigundua. Kisha jaribu kuitazama video ukiwa umetoka kwenye akaunti yako.

Video kukatika ukizima kioo ni jambo jingine. Kwenye orodha hiyohiyo ya viendelezi kuna kinachoitwa Video Background Play Fix. Kiweke, na mawaidha yataendelea simu ikiwa mfukoni.

Kuhusu bando, nakubishia kidogo. Unasema matangazo ndiyo yanayokumalizia MB. Piga hesabu: video inayotumia megabiti 1 kwa sekunde inakula MB 450 kwa saa. Kwa kasi hiyohiyo tangazo la sekunde 15 halifiki MB 2, na matangazo 20 ya namna hiyo ni kama MB 38. Mlaji mkubwa ni ubora wa picha. Ukiachia video ijiamulie yenyewe, kwenye 4G nzuri inapanda mpaka ubora ambao kioo cha simu yako hakiwezi hata kuuonyesha tofauti. Gusa gia kwenye video, weka 360p, au 480p kwa mapishi ambayo unataka kuona kipimo cha kijiko. Hapo ndipo utakapoona unafuu.

Kwa simu ya bibi, ile itel ndogo, Firefox itaielemea. Yeye mwekee NewPipe. Ni programu huria, nyepesi, inakubali Android za zamani, haionyeshi tangazo la YouTube na haitaki akaunti yoyote. Haipo Play Store, ichukue newpipe.net au F-Droid, duka la programu huria, si kwenye tovuti nyingine. Simu itauliza kama unaruhusu kusakinisha kutoka chanzo hicho. Ruhusu, sakinisha, kisha rudi uizime ruhusa hiyo ili mwingine asipite mlango huohuo. Ndani ya mipangilio yake, sehemu ya video na sauti, kuna pa kuweka kikomo cha ubora unapotumia data ya laini. Weka 240p au 360p. Na bibi akitaka kusikiliza tu kaswida, chini ya video kuna kitufe cha kucheza chinichini: hapo inavuta sauti peke yake. Sauti ya kilobiti 128 kwa sekunde ni kama MB 58 kwa saa nzima. Linganisha na zile 450.

NewPipe nayo ina kero zake. YouTube ikibadilisha mitambo, inagoma siku hiyohiyo, inaleta ujumbe wa hitilafu au inakutaka uthibitishe wewe si roboti. Dawa ni toleo jipya, na lazima ulifuate mwenyewe. Wakati mwingine kuweka simu hali ya ndegeni na kuitoa kunasaidia, kwa sababu laini inaweza kukupa anwani nyingine ya mtandao. Ile ya kwanza huenda mlikuwa mnaitumia watu wengi. Kuwa mwangalifu pia usichanganye vyanzo: ukiwa umeichukua F-Droid, halafu ukapakua toleo jipya kwingine, sahihi za mafaili hayo, yaani alama za aliyeyatengeneza, zikitofautiana simu itakataa kusakinisha. Itabidi uifute kwanza ile ya zamani, na ukiifuta, orodha yote ya chaneli za bibi imekwenda. Kabla ya kufuta, ingia Backup and restore, toa nakala, kisha uirudishe kwenye hiyo mpya.

Matangazo ya kubeti anayoyaona Tariq yanatokana na simu kutumia akaunti yako, hivyo YouTube inajua anayetazama ni mtu mzima. Mambo mawili. Ingia myadcenter.google.com kwa akaunti hiyohiyo, gusa Customize Ads, kisha Sensitive, uzime Gambling, na Alcohol ukipenda. Hayataisha kabisa, yatapungua. La pili, mtoto mtengee YouTube Kids. Matangazo yapo humo pia, lakini ya kamari hayaruhusiwi.

Ila uliposema tangazo linafunika kioo hata video ukiwa umeifunga, hilo YouTube haihusiki. Kuna programu ndani ya simu inayofanya hivyo, mara nyingi ya tochi, ya kusafisha simu au ya mandhari. Kwenye Mipangilio tafuta ruhusa ya kuonekana juu ya programu nyingine, uone nani anayo. Usiyemfahamu, mfute.

Nikwambie na upande wa pili. Kuzuia matangazo ni kinyume cha masharti ya YouTube, na tangu 2023 wamekuwa wakibana zaidi mwaka hadi mwaka. Pia tangazo likionyeshwa kwenye video ndefu ya chaneli iliyokubaliwa kulipwa, mwenye chaneli anapata asilimia 55. Yule dada wa mapishi unayemfuata, ukizuia, hapati kitu kwa kutazama kwako. Kwa maoni yangu, mwenye uwezo alipie Premium, huduma ya kulipia ya YouTube: matangazo yanaondoka kwenye programu yenyewe, kioo unazima, unapakua, na sehemu ya ada inagawiwa chaneli kulingana na muda ulizotazama. Fungua youtube.com/premium kwa kivinjari ukiwa ndani ya akaunti yako. Ikikuonyesha bei, unaweza kujiunga. Usije ukanunua kwa VPN ukijifanya uko nchi ya bei rahisi. Mwaka 2024 walianza kufuta Premium zilizonunuliwa hivyo. Ukilipa kwa kadi ya mtandaoni unayotengeneza kwenye menyu ya pesa za simu, hakikisha ina salio siku ya kukatwa kila mwezi, malipo yakigoma matangazo yanarudi. Na Premium inafuata akaunti, haifuati simu: Baba Tariq akiingia kwa akaunti yake, atayakuta matangazo palepale, isipokuwa mkichukua mpango wa familia.

Kwa iPhone ya Baba Tariq, NewPipe haipo, na Firefox ya huko haikubali viendelezi. Aweke Brave, ambayo kizuizi kimo ndani yake tayari, na aingie m.youtube.com kupitia humo. Akigusa kiungo kikafungukia programu ya YouTube, akishikilie badala ya kukigusa, achague kufungua kwenye kivinjari. Akiamua kulipia Premium, alipie kupitia kivinjari. Ndani ya programu ya iPhone bei huwa juu zaidi.

Lililobaki ni lile la mwenye video kusimama katikati na kusifia sabuni. Hilo ni sehemu ya video, Premium haiigusi wala uBlock Origin. Kwenye Firefox kuna kiendelezi SponsorBlock, ambacho watazamaji wenyewe wanaweka alama tangazo linaanzia dakika ipi na kuishia ipi, nacho kinaruka. Kwenye video kubwa za Kiingereza kinasaidia sana. Za Kiswahili nyingi hakuna aliyeziwekea alama, kwa hiyo kidole chako ndicho kitakachoruka. Ukiwa na moyo, ziwekee wewe, mwenzio anayefuata apumzike.

Ukishaweka Firefox, anza na ile ya viungo kufungukia YouTube, ndiyo itakayokusumbua kwanza. Ukikwama, nipigie picha ya kioo unitumie, usinielezee kwa maneno.

Nisalimie shemeji na bibi.

Shoga yako,
Mama Neema