Barua ya Mwendokasi Ikikufikia Uingereza: Kozi au Pointi?

Wateja wengi wa shule yetu ya udereva hutuletea barua ya polisi wakiwa tayari wameisoma mara kadhaa bila kuielewa, na karibu wote huuliza swali moja: je, wachukue kozi ya mwendo, yaani darasa fupi linalotolewa badala ya adhabu, au walipe faini na kukubali pointi za adhabu kwenye leseni? Ushauri wetu ni kwamba anayepewa nafasi ya kozi aichukue, na kwamba mtu ambaye hajatimiza miaka 2 tangu afaulu mtihani wa udereva wa hapa hana sababu hata ya kusitasita. Tunaeleza hapa jinsi mambo yanavyokwenda Uingereza na Wales, kwa kuwa Uskoti ina taratibu zake.

Barua ya kwanza haitoi adhabu yoyote. Ni taarifa ya kusudio la kushtaki, ambayo sheria inataka imfikie mtu aliyesajiliwa kuwa na gari ndani ya siku 14 tangu tukio, na huambatana na fomu inayomtaka aseme ni nani aliyekuwa akiendesha. Fomu hiyo inapaswa kurudishwa ndani ya siku 28. Wengi huiweka juu ya friji wakisubiri barua nyingine, au hawaioni kabisa kwa sababu walihama nyumba na kitabu cha gari bado kina anwani ya zamani, na hapo ndipo kosa dogo linapogeuka kuwa kubwa. Kutomtaja dereva ni kosa linalojitegemea, lenye pointi 6 na faini inayoweza kufika pauni 1,000, ilhali mwendo wenyewe ungemgharimu pointi 3 na pauni 100. Kwa hiyo, kabla ya kujadili kozi, hakikisha kwamba anwani iliyo DVLA, idara ya serikali inayoshughulikia leseni na usajili wa magari, ni ya mahali unapolala leo, upande wa leseni na upande wa gari pia, kwani kubadilisha moja hakubadilishi nyingine.

Wapo wanaodhani kwamba fomu ile ni nafasi ya kumwombea ndugu au mwenza mwenye leseni safi abebe mzigo. Tafadhali, usithubutu. Chris Huhne, aliyekuwa waziri katika serikali ya Uingereza, pamoja na aliyekuwa mke wake, Vicky Pryce, walifungwa mwaka 2013 miezi 8 kila mmoja kwa sababu mke alikubali kubeba pointi za mwendokasi wa mume wa mwaka 2003. Kosa walilofungiwa ni kupotosha mkondo wa haki, ambalo ni jinai nzito, na kupita kwa miaka 10 hakukuwasaidia.

Ukisharudisha fomu ukikiri kwamba ni wewe uliyekuwa usukani, polisi ndio wanaoamua wakupe nini. Kozi si haki ya dereva. Ni nafasi inayotolewa kwa waliozidisha mwendo kwa kiasi kidogo na ambao hawakuhudhuria kozi kama hiyo kwa kosa lililotendeka ndani ya miaka 3 iliyotangulia. Mwongozo ambao vikosi vya polisi hufuata kwa kawaida huanza kuchukua hatua pale mwendo unapozidi kikomo kwa asilimia 10 na maili 2 juu yake, na huishia kutoa kozi kwenye asilimia 10 na maili 9. Katika barabara ya maili 30 kwa saa, hiyo ni kuanzia 35 hadi 42. Katika barabara kuu ya maili 70, ni kuanzia 79 hadi 86. Ukipita hapo unapewa faini na pointi, na ukipita zaidi, kwa mfano maili 50 mahali pa 30, unaitwa mahakamani. Takwimu hizi ni mwongozo tu, na kikosi kina uhuru wa kufanya vinginevyo, hivyo hakuna anayeweza kuapa mbele yako kwamba utapewa kozi.

Kwa bei peke yake, tofauti haionekani. Ada ya kozi hutofautiana kati ya watoa huduma na mara nyingi haiko mbali na pauni 100 za faini, kwa hiyo mtu anayehesabu fedha za mwezi huu tu anaweza kuona ni heri alipe faini amalize, asipoteze asubuhi yake. Hesabu hiyo ina kasoro. Pointi 3 hukaa kwenye leseni miaka 4 tangu siku ya kosa, huku zikihesabiwa kwa miaka 3 katika kufikia pointi 12 ambazo kwa kawaida humfanya dereva azuiwe kuendesha kwa miezi 6 au zaidi. Zaidi ya hayo, kampuni nyingi za bima huuliza makosa ya miaka 5 iliyopita, na msimbo wa SP30, ambao ndio wa mwendokasi katika barabara za kawaida, utauandika kila unapoomba bei hadi muda huo uishe. Kozi ikikamilika hakuna faini, hakuna pointi, na mwajiri anayekagua leseni yako kwa namba ya siri ya DVLA hataona lolote. Kwa wenzetu wengi wanaofanya kazi ya kuwahudumia wazee majumbani, wanaozunguka kutoka mlango hadi mlango kwa gari lao wenyewe, jambo hilo si dogo hata kidogo.

Kuna bima zinazouliza waziwazi kama umewahi kuhudhuria kozi ya mwendo. Usipoulizwa, hulazimiki kujitangaza. Ukiulizwa, jibu kweli, kwa sababu sheria ya mwaka 2012 kuhusu bima za watu binafsi inamtaka mteja ajibu maswali kwa uangalifu bila kudanganya, na bima iliyopatikana kwa uongo inaweza kukataa kukulipa siku utakayoihitaji.

Sasa tuje kwa madereva wapya, kwani hapa ndipo watu wetu wanapoumia zaidi. Leseni ya Kenya au ya Tanzania inakuruhusu kuendesha kwa miezi 12 tangu uanze kuishi hapa, kisha haibadilishwi moja kwa moja kama ile ya Afrika Kusini au Zimbabwe. Ni lazima ufanye mtihani wa nadharia na wa barabarani. Mtu aliyeendesha daladala Dar es Salaam au matatu Nairobi kwa miaka 20 akifaulu mtihani huo, sheria inamhesabu kuwa dereva mpya kwa miaka 2 kamili. Ndani ya kipindi hicho pointi 6 zinatosha kuifuta leseni, si kuisimamisha, na kufutwa maana yake ni kuanza upya: leseni ya mwanafunzi, nadharia, kisha foleni ya kusubiri tarehe ya mtihani. DVLA hufanya hivyo bila kuangalia kama una watoto wa kupeleka shule au kazi ya usiku. Makosa mawili ya mwendo, kila moja pointi 3, yanakufikisha hapo. Fomu moja isiyorudishwa, ile ya pointi 6, inakufikisha hapo peke yake.

Kozi yenyewe huchukua kati ya saa 2 na nusu na 3, na siku hizi wengi huifanya kwa intaneti wakiwa nyumbani. Hakuna mtihani mwishoni, ila haina maana kwamba unaweza kuwasha kompyuta ukaenda kupika. Mkufunzi atakuomba uinue kitambulisho chenye picha mbele ya kamera, atataka uwe peke yako chumbani, kamera iwake muda wote, na uchangie unapoulizwa. Anayechelewa, au anayejiunga akiwa ameketi ndani ya gari lake, hukataliwa, na asipoikamilisha kozi shauri lake hurudi polisi. Kama Kiingereza cha haraka kinakupa shida, mweleze mtoa kozi unapoweka nafasi na umuulize atakusaidiaje, usingoje asubuhi ya siku yenyewe. Huna haja ya kuchagua mtoa kozi wa mji ulikokamatwa. Linganisha ada na tarehe.

Swali ambalo wakufunzi hupenda kuliuliza ni kikomo cha barabara yenye njia mbili kila upande, ukingo katikati na taa za barabarani, ambapo hakuna kibao chochote. Wengi hujibu 70 au 50. Jibu ni 30, kwa sababu nguzo za taa zilizopangwa kwa mfululizo ndizo kibao chenyewe. Na huko Wales, tangu Septemba 2023, barabara za aina hiyo kwa kawaida ni 20. Wenye magari ya mizigo pia hushtuka kusikia kwamba kikomo chao katika barabara isiyo na ukingo katikati wala taa ni 50, si 60 kama gari dogo. Utafiti uliofanywa kwa ajili ya wizara ya uchukuzi na kutolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba waliopitia kozi hawakurudia kosa haraka kama waliolipa faini, na sisi hatushangai, kwani ni wachache sana kati ya wateja wetu waliokamatwa wakishindana mbio. Wengi hawakujua kikomo kilikuwa kipi.

Ni lini basi tunamshauri mteja asichukue kozi? Kwanza, anapoamini kwa dhati kwamba hakuzidisha mwendo au kwamba si yeye aliyekuwa akiendesha, kwa sababu kuikubali kozi ni kukiri kosa, na huyo anahitaji mwanasheria kabla ya kujaza chochote. Pili, anapojua wazi kwamba hataweza kuihudhuria kabla ya tarehe ya mwisho iliyo katika barua, kwani polisi wana miezi 6 tu ya kufungua shauri na hawatamsubiri.

Shule yetu haiendeshi kozi hizo wala haiwezi kukuombea, kwa kuwa hutolewa na watoa huduma walioidhinishwa pekee. Tunachofanya ni kuisoma barua pamoja nawe kwa Kiswahili na kukuonyesha tarehe zinazokubana, na anayetaka tunampa somo la barabarani katika mtaa uleule alikopigwa picha. Ukija, njoo na barua yenyewe pamoja na bahasha yake, leseni yako, kitabu cha gari, na tarehe uliyofaulu mtihani.