Hatukuvutwa na damu

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu mashabiki wa MMA, yaani mapigano yanayochanganya ngumi, mateke, mieleka na kabali, na namna walivyoanza kuupenda mchezo huu, na sentensi moja imenikwama kooni: kwamba watu walivutwa na uchu wa kuona damu. Mimi ni shabiki tangu enzi za kanda za video. Naomba nafasi nieleze kilichotuvuta, maana sicho mlichoandika.

Tulivutwa na ubishi. Vijana waliokua wakitazama sinema za karate walikuwa nao: bondia akikutana na mcheza judo, nani atasalimika? Mtu wa mieleka akimdaka mtu wa karate, itakuwaje? Kila mmoja alikuwa na jibu lake na hapakuwa na wa kuamua. Juni 26, 1976, Muhammad Ali alipanda ulingoni Tokyo kupambana na Antonio Inoki, bingwa wa mieleka wa Japani, na walionunua tiketi wakitaka jibu waliondoka mikono mitupu. Inoki alikaa chini karibu muda wote, akimchapa Ali mateke ya miguuni kwa raundi 15, na waamuzi wakatoa sare. Ubishi ukabaki palepale.

Ndiyo maana lile shindano la kwanza la UFC, waandaaji wa mapambano ya MMA, Novemba 12, 1993 mjini Denver, Marekani, lilitushika. Wapiganaji wanane, kila mmoja na fani yake, usiku mmoja, bila kutenganishwa kwa uzito. Nakubali kwamba lilinadiwa kwa ukatili. Matangazo yalijisifu kuwa hakuna sheria, ingawa kung'ata na kuchokoa macho kulikatazwa. Nakubali pia kwamba katika pambano la ufunguzi Gerard Gordeau alimpiga teke la uso Teila Tuli, mtu wa sumo, jino likaruka. Lakini kama damu ndiyo iliyotuvuta, jina ambalo tungeondoka nalo usiku ule lingekuwa la Gordeau. Jina tuliloondoka nalo ni la Royce Gracie, Mbrazili mwembamba wa kilo 80 hivi, aliyevaa kimono nyeupe, akawashinda watu watatu bila kurusha ngumi za maana. Art Jimmerson, bondia aliyepanda na glovu mkono mmoja tu, alisalimu amri akiwa amelaliwa chini, hata kabali haijafungwa. Na Gordeau huyohuyo, fainali, alikabwa shingo akagonga mkeka, ishara ya kusalimu amri.

Mimi mwenyewe nilinaswa na mkanda wa shindano la nne, la Desemba 1994, ambao kaka yangu aliuazima kwa rafiki yake. Fainali ilikuwa kati ya Gracie na Dan Severn, Mmarekani wa mieleka mwenye zaidi ya kilo 110. Severn alimwangusha, akamlalia, akawa anampiga kutoka juu. Dakika tano zikapita. Kaka akasema limekwisha hilo, na mimi nikamwitikia, kwa sababu tangu utotoni tulijua kwamba katika ugomvi aliye juu ndiye mshindi na aliye chini anaomba msamaha. Dakika kumi. Kaka akainuka akaanza kutafuta mkanda mwingine. Ndipo nilipoona miguu ya Gracie ikipanda taratibu mgongoni mwa Severn, mmoja ukalala nyuma ya shingo, wa pili ukaufunga kwa juu kama komeo la mlango. Mkono mmoja wa Severn ulikuwa umenaswa ndani ya kabali ile, na bega lake mwenyewe ndilo lililokuwa likimbana shingo. Akagonga. Dakika 15 na ushei za kuwa juu, na aliyeshindwa ni yeye.

Tulirudisha mkanda mara nne. Mara ya tatu ndipo kaka alipogundua kwamba Gracie alikuwa akiutafuta ule mkono muda mrefu kabla hatujaona chochote. Kile tulichodhani ni kuvumilia kipigo kilikuwa ni kuwinda. Kisha tukasogeza viti tukajaribu wenyewe sakafuni, tukashindwa, tukarudi kutazama tena mguu unapita wapi. Damu? Sikumbuki kuiona. Nakumbuka mguu. Tulikuwa na bahati kuliko wengi waliolipia kutazama moja kwa moja usiku ule, kwa sababu muda wa matangazo uliisha kabla pambano halijamalizika na picha ikawakatikia nyumbani wakiwa hawajui mwisho.

Makala yenu iliruka kabisa miaka iliyofuata, na ndiyo inayonipa hoja yangu kubwa. Kuanzia 1996, Seneta John McCain alipoufananisha mchezo huu na kupiganisha majogoo na kuwaandikia magavana waupige marufuku, majimbo mengi ya Marekani yaliufunga mlango na kampuni za kebo zikaacha kuuonyesha. Mwenye uchu wa damu tu angepata mahali pengine pa kuikata kiu yake. Waliobaki ni sisi tuliokuwa tukipokezana kanda, nyingine zimechakaa hadi picha inacheza, ili tuone Kazushi Sakuraba wa Japani akipambana na Royce Gracie kwa dakika 90, Mei 1, 2000, hadi wasaidizi wa Gracie kwenye kona yake wakarusha taulo kukubali kushindwa. Dakika 90, Mhariri. Hakuna mtu anayekaa muda wote huo akingoja damu. Tulikaa kwa sababu Sakuraba alikuwa akibuni kitu kipya kila raundi dhidi ya ukoo wa akina Gracie, ambao tuliamini hauna dawa.

Wapo waliokuja baadaye kwa njia nyingine, nami siwadharau. Wengi waliingia Aprili 2005 kwa pambano la Forrest Griffin na Stephan Bonnar, na hilo kweli lilikuwa la ngumi na nyuso zilizochanika. Lakini watazamaji wale walikuwa wamewafuatilia vijana hao wiki nyingi katika kipindi cha televisheni kilichowaonyesha wakiishi nyumba moja na kufanya mazoezi pamoja. Walikuwa na mtu wa kumwombea. Wengine walimfuata Ronda Rousey, bingwa wa kwanza wa kike wa UFC, mwaka 2013, wengine Francis Ngannou, Mkameruni aliyechimba mchanga utotoni kisha akatwaa ubingwa wa uzito wa juu Machi 2021.

Namlea mpwa wangu katika mchezo huu sasa. Alianza kwa vipande vifupi vya simu, sekunde kumi za mtu anaanguka, kingine, kingine, na baada ya mwezi akaniambia amechoka, yote ni yaleyale. Nikamwekea pambano la Severn zima. Alilalamika hadi dakika ya kumi na nne. Kisha akaniomba nirudishe nyuma.

Kwa hiyo nina ombi moja kwa dawati lenu la michezo. Makala yenu iliambatana na picha kubwa ya uso unaovuja damu, na chini yake mkaandika nani alimshinda nani. Pambano hilo nililitazama. Liliisha raundi ya tatu kwa kabali, na aliyekaba ndiye yule mwenye uso wa damu. Alipigwa raundi mbili nzima, akavuta subira, akapata shingo. Hamkuandika hata mstari mmoja kuhusu hilo. Mwandishi wenu akilirudia, aeleze mkono uliingiaje chini ya kidevu, na mtupatie picha ya sekunde ile.

Wenu,
Shabiki wa enzi za kanda