Barua ya Wazi: Mheshimiwa, Simamisha Saruji kwenye Majumba ya Kale ya Unguja

Kwa Mheshimiwa mwenye dhamana ya majumba ya kale, Unguja.

Assalaam alaykum.

Kwa heshima na taadhima nakuandikia hadharani, kwa kuwa barua za ofisini hazijajibiwa. Wiki hii mifuko ya saruji imeshushwa tena mbele ya jumba moja la kale la shamba, na mafundi wameanza kuziba nyufa na kupiga lipu juu ya kuta za mawe na chokaa. Jumba silitaji. Fundi aliyetumwa pale hana kosa: kapewa saruji, anatumia saruji. Nasema na aliyeidhinisha.

Mheshimiwa, kuta zile ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo mwekundu na chokaa. Hunywa maji ya mvua na ya ardhini, kisha huyatoa nje jua likiwaka. Ukizifunika kwa saruji, maji hayana pa kutokea. Hupanda juu ndani ya ukuta mpaka yakakuta vichwa vya boriti, na boriti ya mkoko, ngumu kama ilivyo, huoza pale pale ilipoingia ukutani, mahali jicho halifiki. Chumvi nayo hukauka nyuma ya lipu na kuusaga udongo ukawa vumbi. Kwa nje jumba linang'aa kwa mwaka au miwili. Halafu masika moja lipu inadondoka na mawe yake.

Kupima si kazi. Gonga lipu kwa kifundo cha kidole. Ikilia wazi, imeshaachana na ukuta. Kisha chukua bisibisi, dunga boriti karibu kabisa na ukuta. Ikizama, dari hiyo itegemezwe siku hiyo hiyo, kabla ya hesabu na vikao.

Dawa yake inajulikana. Saruji ibanduliwe taratibu kwa patasi na nyundo ndogo, si kwa mashine inayotikisa ukuta. Chokaa izimwe kwa maji, ilale shimoni miezi mitatu angalau. Changanya chokaa 1 kwa mchanga 3, mchanga uliooshwa, na kamwe usiwe wa pwani kwa sababu ya chumvi. Piga tabaka jembamba, lisizidi sentimita 1.5, lifunikwe kwa magunia mabichi wiki nzima, ndipo lije la pili. Chokaa ikikaushwa na jua haraka hupasuka, na hapo ndipo wasioijua husema chokaa haifai. Miti iliyoota ukutani isivutwe, maana mzizi hutoka na jiwe; ikatwe, mzizi uuliwe, ufa ujazwe. Kabla ya yote hayo, mapaa yanayovuja yazibwe na mifereji ya maji izibuliwe. Naamini nusu ya maradhi ya majumba haya inaanzia hapo.

Tazama kilichobaki. Mtoni, jumba la Sultani Sayyid Said ambako binti yake Salme alizaliwa 1844, ni kuta zisizo na paa. Maruhubi, jumba alilolimaliza Sultani Barghash 1882, liliungua 1899, na nguzo zilizokuwa zikibeba baraza yake ya mbao zimesimama peke yake. Dunga, jumba la Mwinyi Mkuu, mtawala wa wenyeji wa Unguja, ni gofu. Hamamu ya Kidichi, nyumba ya kuogea ya 1850, ina nakshi za ndege, mitende na maua, zote zimechorwa kwenye lipu ya chokaa yenyewe. Mfuko mmoja wa saruji ukipita pale, nakshi hizo hazirudi tena.

Na Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, Mheshimiwa. Lilijengwa 1883. Mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896 haikuliangusha. Liliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika matengenezo, na watu 2 wakafa. Mimi nahisi ni maji yaliyoingia miaka mingi hadi kwenye chuma cha mihimili. Wengine watasema vingine. Ila baada ya msiba ule tuliahidiwa kwamba majumba haya yatashikwa na wanaoyajua. Ahadi hiyo naikumbusha leo, mbele ya watu.

Mafundi wa chokaa wapo Unguja, baadhi wazee, na wanakaa bila kazi huku saruji ikipakuliwa. Waitwe, walipwe, wapewe vijana wa kuwafundisha. Matanuri ya chokaa yawashwe. Hayo yanaweza kusubiri bajeti. Saruji haiwezi kusubiri, kwa kuwa kila siku ya jua inazidi kukomaa ukutani, na kuibandua baadaye ni kubandua na jiwe. Nakuomba amri ya maandishi, leo, kabla masika hayajaanza: saruji isimame kwenye kila jumba la kale lililo chini yako. Ukiweza hilo tu, Mheshimiwa, simamisha saruji.

Wako katika ujenzi wa nchi,
Mwashi wa chokaa, Unguja