Kabla ya Ala Mpya, Fungueni Kabati

Kwa wakurugenzi, waratibu, waweka hazina na wajumbe wa bodi wa miradi ya kufundisha vijana muziki,

Marahaba, wanangu, hata kama hamjaniamkia. Najua mko mbioni: ripoti ya mfadhili inadaiwa, ukumbi wa tamasha haujalipiwa, na kuna mzazi anasubiri mlangoni. Nimekikalia kiti hicho miaka mingi, kwanza mweka hazina, kisha mratibu, na sijawahi kupiga ala yoyote ikasikilizika. Ndiyo maana nawaandikia ninyi. Walimu wana wazee wao.

Nianze na kosa langu. Tulipata mfadhili aliyetaka pesa yake inunue ala, na inunue kabla mwaka wake wa fedha haujafungwa. Nikaagiza fidla kumi na mbili. Zilipofika tukazipanga mezani, tukapiga picha, barua ya shukrani ikaondoka siku hiyohiyo. Jioni mwalimu akachukua moja, akamwekea begani binti wa miaka minane, akamwambia anyooshe mkono wa kushoto. Vidole viliishia katikati ya shingo ya fidla, kichwani havikukaribia. Nilikuwa nimenunua fidla za watu wazima, zote kumi na mbili. Mwalimu hakusema neno. Alizirudisha kwenye makasha moja moja, akafunga vifungo, akaendelea na somo la kupiga makofi.

Kumbe fidla huja kwa vipimo: robo tatu, nusu, robo, thumuni, na ndogo kuliko hiyo. Mtoto anayeanza na miaka mitano atapitia kadhaa kabla hajaifikia ile kamili. Sasa hiyo ni kazi ya daftari, na daftari ni letu: nani ameazima ipi, itakuwa ndogo kwake lini, akiirudisha inakwenda kwa nani. Mwalimu angenieleza haya yote kwa dakika tano. Sikumuuliza, maana nilimwona kama mtu wa nota na mimi mtu wa hesabu.

Jambo la pili nalo ni la kabati letu la ala. Tulikuwa na selo moja nzuri, ile ala kama fidla kubwa ipigwayo mtu akiwa ameketi, iliyokaa kona miezi minne kwa kukatika uzi mmoja. Bajeti ilikuwa na fungu la ununuzi wa ala, nono kabisa. Fungu la matengenezo halikuwapo, na mkataba wa ufadhili haukuruhusu kuhamisha. Kijana aliyekuwa akiipiga alikuja wiki mbili za kwanza, akakaa akiwatazama wenzake. Wiki ya tatu alichelewa. Baada ya hapo jina lake likabaki kwenye orodha niliyompelekea mfadhili kwa muda mrefu kuliko yeye mwenyewe alivyobaki darasani, na hilo bado linanichoma.

Kwa hiyo mnapoandika maombi ya fedha, andikeni nyuzi. Andikeni singa, yaani nywele za upinde wa kupigia fidla, ambazo hutoka mkia wa farasi na huisha kwa kupigwa. Andikeni nauli ya fundi. Nyuzi huzeeka na kupoteza sauti hata zisipokatika, na mbao hupasuka hewa ikikauka mno, gundi huachia unyevu ukizidi. Kati ya asilimia 40 na 60 ya unyevu ala hukaa salama. Kifaa cha kupima unyevu huo ni kidogo kama saa ya mezani, bei yake haifiki popote karibu na bango la tamasha. Mfadhili akisema matengenezo hayapendezi kwenye picha, mpelekeni kwenye ile kona akaione selo. Wengi huelewa. Asiyeelewa, pesa yake itawagharimu.

Mshahara wa mwalimu sasa. Mwaka 1703 Antonio Vivaldi, mtunzi mashuhuri wa muziki, alianza kufundisha fidla wasichana wa Ospedale della Pietà, kituo cha mji wa Venice, Italia, kilicholea watoto waliotelekezwa. Mwaka 1709 bodi ikapiga kura juu ya mkataba wake: 7 wakakataa, 6 wakakubali, akaondoka. Mwaka 1711 bodi hiyo ikamrudisha. Nawaelewa wale saba. Kwenye jedwali la matumizi mwalimu ndiye mstari mnene kuliko yote, na mkasi hupenda mstari mnene. Ila wao walikuwa na bahati: mtu wao alirudi. Wa kwenu akipata pengine panapomlipa tarehe ileile kila mwezi, pamoja na miezi ya likizo, mtamsikia kwa mbali tu. Na mtoto hubadilishiwa mwalimu kwa shida. Anayeshika upinde upya chini ya mkono mwingine huanza kujitilia shaka hata kwa alichokwisha kukijua.

Ulinzi wa watoto nitausema kwa ufupi kwa sababu hauna mjadala. Somo la ala mara nyingi ni la watu wawili chumbani, na mwalimu hulazimika kurekebisha mkono au bega la mtoto. Basi mlango uwe na kioo, mwalimu aombe ruhusa kabla ya kugusa, ujumbe wa simu upitie kwa mzazi, na awepo mtu wa kupokea malalamiko ambaye si mkurugenzi wala rafiki yake. Mwalimu mwenye kipaji kikubwa asipewe msamaha wowote hapa. Hao ndio tunaoogopa kuwauliza.

Msione haya kuitwa watu wa makaratasi. José Antonio Abreu, aliyeanzisha mtandao wa okestra za vijana wa Venezuela mwaka 1975, alikuwa mwanamuziki aliyesomea pia uchumi, na uchumi huo haukulala bure. Lakini karatasi zikizidi mtu huziba masikio. Mimi nilifika mahali napita mlango wa darasa mara sita kwa siku bila kusimama. Kaeni nyuma ya darasa, hata mara moja kwa wiki, bila simu na bila kamera. Mtajua ni kiti gani hakina mtu kabla orodha haijawaambia.

Mkinialika kwenye tamasha nitakuja, na nguo yangu nzuri nitaivaa. Ila nitafika saa nzima kabla ya wageni wengine, na nitamwomba mratibu ufunguo wa kabati.

Mzee wenu,
mweka hazina mstaafu