Msimcheke anayetafuta usubi kwenye jani

Mhariri, naomba kanafasi. Juzi niliwasomea jamaa kijiweni habari ya wataalamu kugundua aina mpya ya usubi kwenye mimea jamii ya nanasi huko Amerika, wakacheka mpaka machozi, eti msomi mzima anachungulia maji ya kwenye jani! Mmoja akasema huyo usubi apuliziwe dawa tu yaishe.

Mi nalima kakao hapa Kyela, sikucheka. Hiyo mimea jamii ya nanasi mingi inaota juu ya miti, majani yamejipanga kama kikombe, mvua ikinyesha yanajaa maji na humo ndo wanakulia viluwiluwi vya usubi na mbu, kuna hata vyura wanaishi humo. Na sisi tunavyo vya hivyo, we panda Tukuyu kule mvua haikatiki, chungulia pale jani la mgomba au la gimbi linapoungana na shina, maji yamo. Mbu nao wamo, sikatai.

Sasa nije kwenye kakao. Ua lake ni kadogo na linatoka kwenye shina lenyewe, nyuki mkubwa haliwezi, anayelichavusha hasa ni usubi, kadudu huwezi kukaona mpaka uiname. Ua lisipochavushwa siku moja mbili limedondoka. Na hao usubi wanazaliana kwenye uchafu mbichi, maganda ya kakao yanayooza, vipande vya mgomba, majani. Halafu mtu anafagia shamba kama uwanja wa kanisa, anapulizia kila kinachoruka, afu anakuja kulia maua mengi matunda hamna. Nasema hivi kwa sababu nilikuwa hivyohivyo mwenyewe, siku hizi nikikata mgomba naukatakata nauacha palepale chini ya mikakao, mke wangu anasema shamba limekuwa jalala, na sawa.

Kipunji, kima mzima mwenye mkia mrefu, wataalamu wamemjua 2003 tu, pale pale mlima Rungwe, wawindaji walikuwa wanamjua zamani. Kama kima kapitwa, usubi je?

Ombi langu, mwalimu yeyote wa baiolojia huku Nyanda za Juu aje na wanafunzi shambani tutafute usubi, bomba la sindano la kunyonyea maji ya kwenye majani wanunue duka la dawa, glasi na chai juu yangu. Na nyie gazetini mkiandika usubi msiandike mbu, wasomaji wataenda kununua dawa.

Mkulima wa kakao,
Kyela, Mbeya