Barua kwa mwanangu: usiuguse mparachichi kwa panga

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka huku Arua. Bibi yako hajambo, anakusalimu sana. Uliniambia kwenye simu kwamba mparachichi wetu wa hapo Bombo umekufika kiunoni, nawe unataka kuukata matawi ya chini ili urefuke upesi. Weka panga chini kwanza.

Ule ni Hass, aina ya parachichi, tena wa kubebesha, yaani kikonyo chake kiliunganishwa juu ya mche mwingine; si kokwa lililojiotea nyuma ya jiko. Matawi ya chini ndiyo yanayolikinga shina. Gome la mti mchanga ni laini, jua la mchana likilipiga moja kwa moja linaungua na kupasuka. Tena hayo hayo ndiyo utakayoyachuma ukiwa umesimama chini, bila ngazi. Umeiona ile miparachichi ya majirani, mirefu kama minara. Tunda likidondoka kutoka kule juu, nani atalinunua?

Cha kukata ni ncha. Kile kichipukizi cha juu kabisa, kingali laini, kibinye kwa kucha ukiondoe. Ukingoja kidogo utaona macho ya pembeni yanafumbuka kuwa matawi. Tawi likikimbia na kuyaacha mengine, lifanyie vivyo hivyo. Basi, imetosha kwa msimu mmoja. Mti mdogo haupogolewi kila ukipita na mkono unawasha.

Chini ya kovu la kubebeshea ni habari nyingine. Chochote kinachochipua hapo kitoe mara moja, hata kikinawiri, maana si Hass: ni ule mti wa chini uliobebeshwa, nao una nguvu kuliko mgeni wake. Na maua yakitoka mwaka huu, yapukute. Najua itakuuma.

Mvua za Machi zikianza, usipitishe jembe karibu na shina, kwani mizizi yake inayolisha iko juu juu. Ng'oa magugu kwa mkono, tandaza nyasi kavu, ila zisiguse shina. Maji yakituama, chimba mfereji siku hiyo hiyo; mparachichi huoza mizizi kimyakimya, na majani yakianza kunyauka umeshachelewa.

Jambo jingine: majani utakayoyatoa usiwarushie mbuzi. Yana sumu, na mbuzi anayenyonyesha huvimba kiwele, maziwa yakapungua. Yafukie mbali na zizi.

Nikija nitaleta chokaa tupake shina.

Mama yako